Twilight: adui anatokea sura ya 18, mbona kitabu hakiwekwi chini?

KurasaMia #1

Wakuu, salaam.

Naleta hoja, mnipinge kwa ushahidi wa sura na siyo kwa mapenzi. Twilight ya Stephenie Meyer (2005), riwaya ya msichana wa shule Bella na Edward, vampaya (mnyonya damu) anayempenda, ina sura 24, ukiacha dibaji na tamati. James, yule vampaya mwindaji atakayemfuata Bella mpaka Phoenix, anatokea uwanjani sura ya 18. Mwisho wa sura ya 17 Alice, dada wa Edward mwenye maono ya yajayo, anaona tu kwamba kuna watu wanakuja. Karibu robo tatu ya kitabu imeshaliwa ndipo adui anaonyesha uso.

Kwangu hilo ni kosa la msuko. Waliotengeneza filamu ya 2008 waliliona, wakaanza kutuonyesha mauaji ya kina James mapema, Bella akiwa bado anahangaika kujua jirani yake wa darasa la biolojia ni kiumbe gani. Mtu hachomeki matukio mapya kwenye kitabu ambacho hakina pengo.

Sasa kwa nini wengine wanakimaliza kwa usiku mmoja na wengine wanakitupa wakifika sura ya 10? Ni kitabu kilekile.

BintiWino #2

KurasaMia, umemtafuta adui mahali pasipo pake. Adui yupo tangu sura ya 1, na jina lake ni Edward.

Rudi kwenye ile biolojia ya kwanza. Amekaa ukingoni mwa kiti, ngumi imekunjwa, macho meusi tii, na kipindi kikiisha anakwenda ofisini kuomba abadilishiwe saa ya somo. Swali la kitabu limewekwa hapo: huyu atampenda au atamuua? Kila sura baada ya hapo inapunguza umbali kati yao, na umbali ukipungua hatari inapanda. Busu la kwanza lipo sura ya 13, zaidi ya nusu ya kitabu, na wakati wa busu hilo ni Bella anayepoteza breki, Edward ndiye anayejizuia. Hiyo ndiyo taharuki. James ni mzigo uliobebeshwa mwishoni ili kuwe na mbio.

Ukitaka kuona ufundi wenyewe, fuatilia kitu kimoja tu: rangi ya macho. Sura ya 1 meusi. Sura ya 2 amerudi shuleni, macho ya dhahabu, na Bella anamuuliza kama amevaa lenzi. Hatuambiwi kitu. Mpaka sura ya 8, mezani mgahawani Port Angeles, Bella anamwambia ameona kwamba macho yakiwa ya rangi nyepesi na yeye huwa mchangamfu, yakiwa meusi anakuwa mkali. Ni kipimo cha njaa kama mshale wa mafuta kwenye gari. Msomaji aliyekishika anaanza kukisoma kabla ya mazungumzo, kila Edward anapoingia. Asiyekishika anaona tu kijana mzuri anatazamwa usoni kurasa nzima, na huyo ndiye anayekitupa.

Chuma cha Jalada #3

Nakubaliana na Binti nusu. Nusu nyingine ni hii: vampaya anayemeta juani kama kioo hatishi mtu. Tangu Dracula ya 1897 jua ni kifo. Ukiondoa jua umeondoa gharama yote ya kuwa mnyonya damu. Wana nguvu, wana mbio, hawazeeki, wana pesa, halafu mchana wanang'aa. Hatari anayoisema #2 inabaki mdomoni mwa Edward tu, anatuambia yeye ni hatari mara ishirini lakini mwili wake unasema kinyume.

Mlezi wa Rafu #4

Chuma, hapo rekebisha. Katika Dracula ya Bram Stoker jua haliui. Yule bwana anatembea London mchana, ila nguvu zake zinapungua mpaka jua lizame. Vampaya kuangamizwa na mwanga wa jua kulitoka kwenye sinema, filamu ya Nosferatu ya 1922. Ukirudi nyuma zaidi, hadithi ya Polidori ya 1819 ina mnyonya damu anayehudhuria karamu za wakubwa bila shida yoyote, na Carmilla ya Le Fanu (1872) anatoka mchana, ingawa huwa anaamka kwa kuchelewa. Meyer alichovunja ni kanuni ya sinema.

Gharama nayo ipo. Wakimeta mbele za watu siri imekwisha, na kuficha siri ndiyo sheria kuu ya Volturi, watawala wa vampaya, kama New Moon, kitabu cha pili, inavyokuja kuonyesha. Ndiyo maana familia ya Edward, akina Cullen, inaishi Forks, jimbo la Washington, mji unaopata zaidi ya mita 2.5 za mvua kwa mwaka. Siku jua likitoka Cullen wote hawapo shuleni. Ukisoma sura ya 7 na ya 8 na jicho hilo utaona kazi ya hali ya hewa: jua linapotoka, Bella anatafuta Edward katika bwalo na hamuoni.

Chuma cha Jalada #5

Mlezi, ahsante, hapo kwa Stoker nimekosea. Ila hoja yangu inasimama. Kujificha ni usumbufu. Kuungua ni hatari. Riwaya ya mapenzi na mauti inahitaji cha pili.

Nukta Pacha #6

Mnazunguka mbuyu. Wanaokiweka chini hawajali jua. Wanakiweka chini kwa sababu ya sura ya 14, pale Edward anapokiri kwamba amekuwa akiingia chumbani kwa Bella usiku karibu kila siku, kumtazama akilala. Ufunguo alijua ulipofichwa. Na Bella anachoulizia kwa aibu ni alisema nini usingizini.

Halafu fungua Eclipse (2007), kitabu cha tatu, mambo yanakuwa na hesabu yake kabisa. Moja: Edward anachomoa kifaa kwenye injini ya gari la Bella asiende kumuona rafiki yake Jacob. Mbili: anampa Alice Porsche ya njano kama malipo ya kumshikilia Bella nyumbani kwao yeye akiwa amekwenda kuwinda. Tatu, huyu siyo Edward lakini msimuache: Jacob anambusu Bella kwa nguvu, Bella anampiga ngumi, anavunjika mkono wake mwenyewe, na Charlie baba yake anampongeza Jacob.

Kitabu cha vijana wa miaka 14. Msinambie tatizo ni msuko.

BintiWino #7

Nukta, mifano yako yote ni sahihi, sikanushi hata mmoja. Swali ni kitabu kinaisimamiaje. Katika Eclipse hiyohiyo Edward anaona amekosea na kubadilika. Anaacha kumzuia, na anampeleka kwa gari lake mwenyewe mpaka mpakani mwa ardhi ya kabila la Jacob, Jacob anampokea upande wa pili. Mwandishi asiyeona kosa asingeandika masahihisho.

Nukta Pacha #8

Anaona kosa la injini. La chumbani je? Halirudiwi kama kosa popote. Linageuka utaratibu, anaingia kwa dirisha kila usiku na msimulizi anashukuru. Hapo ndipo tunapotofautiana, Binti. Mhusika mbaya simkatai, riwaya zimejaa. Nakataa msimulizi ambaye sauti yake ni moja tu na hana mtu wa kumpinga. Nafsi ya kwanza, mwanzo mpaka mwisho, na hakuna rafiki hata mmoja anayejua ukweli na kusema "subiri kidogo". Jessica hajui. Angela hajui. Renée, mama yake, yuko mbali. Angewekwa mtu mmoja tu wa aina hiyo, uzi huu usingekuwepo.

Mlezi wa Rafu #9

Jacob ni huyo mtu, kuanzia New Moon. Meyer alimpa nafasi ya kusimulia katika tamati ya Eclipse, na Breaking Dawn (2008), kitabu cha nne, sehemu nzima ya katikati ni yake. Soma pale anapoiona mimba ya Bella. Sauti inayompinga ipo, na ni kali.

Nukta Pacha #10

Na Jacob huyohuyo mwisho anafungwa roho na mtoto mchanga wa Bella, siku aliyozaliwa. Mpinzani wa pekee amenyamazishwa kwa kupewa zawadi. Kama huo ndio ushahidi wa utetezi, naupokea kwa upande wangu.

Mjukuu wa Wino #11

Wakuu mmeniwahi. Mimi naongelea nathari maana ndiyo inayofukuza watu kabla hawajafika huko mbali.

Chukua penseli na sura tatu: ya 2, ya 3 na ya 11. Weka nukta pembeni kila Bella anapotaja uso, ngozi, sauti au tabasamu la Edward. Utaona nukta hazikutawanyika. Zinarundikana pale ambapo hakuna kinachotendeka, gari limesimama au wawili wamekaa darasani. Penye tendo zinatoweka. Chanzo chake siyo uvivu. Meyer amejifunga mikono mwenyewe: msimulizi haruhusiwi kujua mawazo ya Edward, Edward haruhusiwi kujua ya Bella (Edward husoma mawazo ya watu, na Bella ndiye pekee asiyeweza kumsoma), na siri haiwezi kutoka mapema. Kilichobaki kwa kuripoti ni sura ya mtu. Ukifunga milango mitatu, hewa inaingilia dirisha moja, na dirisha lenyewe ni uso wake.

Kinachoharibika hapo ni uzito wa maneno. Uzuri ukitajwa mara ya kwanza unafanya kazi. Ukitajwa mara ya kumi ndani ya sura moja msomaji anaanza kuruka mistari, na akishaanza kuruka ataruka na ile rangi ya macho ya #2. Kwa hiyo Binti, kipimo chako kizuri kimefukiwa na mwandishi mwenyewe.

KurasaMia #12

Mjukuu, hii ndiyo niliyokuwa naitafuta. Ila inaunga mkono hoja yangu: angekuwa na adui mapema, angekuwa na cha kuripoti zaidi ya uso.

Na kuna jingine. Hata adui alipokuja, pambano hatulioni. Sura ya 22 Bella yuko kwenye ukumbi wa dansi, James anamvunja mguu, anapoteza fahamu, na James anauawa na Emmett na Jasper, kaka za Edward, pembeni ya simulizi. Eclipse, vita na vampaya wachanga wa Victoria, mwenzi wa James: Bella yuko juu mlimani, vita viko bondeni. Breaking Dawn jeshi zima la Volturi limesimama kwenye theluji, watu wanaongea, wanaondoka. Filamu ya 2012 ikabidi itunge vita kama maono ya Alice ili watazamaji wapate kitu. Mara tatu kilele kinatokea mahali ambapo msimulizi hayupo au hakitokei kabisa.

BintiWino #13

Victoria anauawa mbele ya macho yake, hukohuko mlimani. Usimsahau.

KurasaMia #14

Kweli, hilo nimeliruka. Mara mbili na nusu basi.

Fungu la Nne #15

Naingia kwa maelezo tofauti kidogo. Mnasoma kama riwaya ya kutisha, na mkiipima hivyo lazima ipwaye. Ipime kama riwaya ya mapenzi. Kanuni ya mapenzi ni kikwazo kati ya wawili, siyo adui wa nje. Meyer mwenyewe ameshasema kila kitabu amekiegemeza kwenye kazi ya zamani: cha kwanza Pride and Prejudice, cha pili Romeo and Juliet, cha tatu Wuthering Heights. Hata sura ya 7 Bella anakwenda kusoma Jane Austen kwenye nyasi nyuma ya nyumba, anakasirika kwa sababu shujaa anaitwa Edward, anahamia riwaya nyingine na kukuta shujaa anaitwa Edmund. Katika Pride and Prejudice nani adui? Hakuna anayeuliza adui yuko sura ya ngapi.

Na jalada la nyuma la Twilight linakwambia wazi kwamba Edward ni vampaya, kabla hujafungua. Bella anafikia uhakika sura ya 9. Kwa hiyo sura tisa msomaji anajua, mhusika hajui. Asiyependa kujua mapema atachoka. Anayependa kumtazama mtu akikaribia ukweli atakesha. Tofauti ya wasomaji iko hapo, haihusu umri wala uelewa.

Chuma cha Jalada #16

Fungu, Darcy wa Pride and Prejudice hakuwa na miaka 86 zaidi ya mpenzi wake Elizabeth. Edward alizaliwa 1901 Chicago, akawa anakufa kwa homa ya Kihispania 1918 ndipo Carlisle, mkuu wa familia, akambadilisha. Bella ana 17 mwaka 2005. Kikwazo hicho kitabu hakikitumii vizuri. Mtu aliyeishi karne nzima anafikiri kama mwanafunzi wa kidato, anaona wivu juu ya Mike Newton, mwanafunzi mwenzao!

Fungu la Nne #17

Ufafanuzi wa kitabu ni kwamba mwili na akili vinaganda siku ya kubadilishwa. Sema kama hauridhiki nao, ila upo.

Mjukuu wa Wino #18

Kwa wanaotaka kulipima hilo la Edward, fanyeni hivi. Someni sura ya 1 ya Twilight, halafu mara moja sura ya 1 ya Midnight Sun (Twilight ikisimuliwa na Edward, ilitoka Agosti 2020, rasimu ya sura 12 ilivuja 2008 na Meyer akaiacha kwa miaka). Saa ileile ya biolojia. Upande wa Bella: kijana ananichukia. Upande wa Edward: anapanga awaue kwa mpangilio gani wanafunzi wote darasani ili pasibaki shahidi. Hatari anayosema Chuma haionekani kule, huku imejaa ukurasa.

Lakini msianze na Midnight Sun kama hamjasoma Twilight. Mkianza nayo, macho meusi yanakuwa na jibu kabla ya swali, na sura nane za mwanzo za Twilight zinakufa.

Nukta Pacha #19

Na kama mnapima, pimeni na Life and Death ya 2015. Meyer aliigeuza Twilight: Bella akawa Beau, Edward akawa Edythe, karibu kila mhusika kabadilishwa jinsia isipokuwa Charlie na Renée. Alisema ni jibu kwa waliomlaumu kwamba Bella ni binti wa kuokolewa tu. Hoja yake: ni binadamu kati ya viumbe wenye nguvu, awe wa kike au wa kiume ataokolewa.

Jaribio lingekuwa safi kama maneno yangebaki yaleyale. Hayakubaki. Masahihisho ni mengi na mwisho umebadilika kabisa, Beau anageuzwa vampaya palepale. Bella alisubiri vitabu vinne.

BintiWino #20

Huo wa Beau ni mwisho wa kitabu kimoja kisicho na mwendelezo, lazima ufunge. Siyo upendeleo.

Mlezi wa Rafu #21

Kabla hatujafika mbali, kuna jambo halijaguswa na linawagusa watu halisi. Waquileute, kabila la Jacob, wapo. La Push ni ardhi yao, pwani ya Washington, eneo la takriban maili moja ya mraba. Wengi wakimaliza kitabu wanadhani hadithi anayosimulia Jacob sura ya 6 ni mapokeo ya kabila. Nusu tu. Asili ya Waquileute kutoka kwa mbwa mwitu waliogeuzwa watu ni mapokeo yao kweli. Wale "wa baridi", yaani vampaya, na mkataba na Cullen ni utunzi wa Meyer.

Kwa hiyo ukitetea au ukishambulia kitabu, usitumie sura ya 6 kama chanzo cha mila. Na kipindi vitabu vinauzwa kwa mamilioni, shida ya kabila ilikuwa kijiji chao kuwa chini sana karibu na bahari, hatarini kwa tsunami. Sheria ya kuwapa ardhi ya juu ndani ya hifadhi ya Olympic ilisainiwa 2012.

Fungu la Nne #22

Ahsante Mlezi. Hilo la mkataba wengi hatulitenganishi.

KurasaMia #23

Wakuu, nimewasoma wote. Binti, bado sijakubali Edward kuwa adui, maana adui lazima aweze kushinda, na jalada limeshaniambia watapendana. Mjukuu amenishawishi kwenye penseli. Fungu, ukisema ni mapenzi tu, basi sura ya 18 mpaka 24 zinafanya nini? Mbio za Phoenix zifutwe?

Fungu la Nne #24

Zifutwe sura ya 20 na 21. Hoteli, simu, kusubiri. Zilizobaki ziachwe.

BintiWino #25

Usiguse ya 21! Simu yenye sauti ya mama yake ndiyo inayomtoa kwa Alice na Jasper kwa hiari. Bila hiyo Bella hachagui kitu chochote kitabu kizima, na Nukta atakuwa na haki.

Nukta Pacha #26

Nina haki hata nayo ikiwepo, amedanganywa na mkanda wa video wa zamani. Ila nakiri, ni uamuzi wake.

Mjukuu wa Wino #27

KurasaMia, umeuliza kinachowavuta waliobaki. Mimi nawaelekeza sura ya 3, kabla gari la Tyler, mwanafunzi mwenzake Bella, halijateleza. Asubuhi ya barafu, Bella ameshangaa gari lake halijateleza njia nzima. Anashuka, anazunguka nyuma kutazama matairi, anaona minyororo ya theluji. Charlie aliamka alfajiri akaifunga bila kusema neno. Koo linamkaba, amesimama kwenye kona ya gari anajizuia kulia, ndipo breki zinapolia.

Katika aya zile hakuna uso wa mtu, hakuna kivumishi cha uzuri. Minyororo na matairi tu. Na minyororo hiyo ndiyo iliyomsimamisha pale gari lilipomkuta.

Chuma cha Jalada #28

Sura ya 3 nimeisoma mara mbili na minyororo sikuiona. Nairudia usiku huu, halafu nakuja na la kusema kuhusu Charlie, maana sijamalizana na yale aliyoyasema Nukta kwenye #6.